Mashine Tunayo, Usaha Uko Wapi?

Hotuba kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa mkoa, imeandikwa kwa ajili ya walioshindwa kufika

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa, waganga wafawidhi, matabibu, wauguzi, wenzangu wa maabara, na ndugu zetu wa fiziotherapia mliokwenda kukaa nyuma kabisa kana kwamba mifupa si shughuli yenu: itifaki imezingatiwa, na ahsanteni kwa kunialika.

Nimepewa mada ndefu: vipimo vya molekuli katika kutambua maambukizi ya bakteria kwenye mifupa na viungo. Naona wengine mmeshaanza kutazama simu. Mnasema moyoni, hayo ni mambo ya hospitali kubwa za Muhimbili na KCMC, sisi huku yanatuhusu nini. Basi nianze kwa kuwauliza: ile mashine ya GeneXpert iliyoko maabara kwenu, inayopokea makohozi tangu asubuhi, mnadhani inafanya kipimo cha aina gani? Ni cha molekuli. Inasoma vinasaba. Mnayo, mnaitumia, na hata wahudumu wa mapokezi wanaijua kwa jina. Kwa hiyo nitasema jambo moja, na mengine yote ni kulifafanua hilo. Kwa mgonjwa mwenye usaha ndani ya goti au ndani ya pingili za mgongo, mashine kwa sehemu kubwa ipo. Usaha ndio haufiki. Unabaki mwilini, au unamwagwa kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji, au unakuja maabara ukiwa umeshaharibiwa njiani.

Kutafuta kijidudu ndani ya mfupa si jambo la jana. Mwaka 1880 Louis Pasteur alitazama usaha wa majipu ya mmoja wa watu waliofanya naye kazi. Kisha akapelekewa usaha uliotoka kwenye mfupa wa msichana mdogo aliyepasuliwa na daktari Lannelongue mjini Paris. Akamkuta kijidudu yule yule, akatangaza kwamba ugonjwa ule wa mfupa ni jipu la uboho. Mwaka huo huo daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, alikuwa anachungulia usaha kwa hadubini na kuona viduara vilivyokaa vichala vichala kama zabibu, na ndiye aliyekuja kuviita Staphylococcus. Huyo ndiye mwenyeji wetu mpaka leo. Mtoto aliyevimba paja, akapanda homa na kukataa kukanyaga chini, mtuhumiwa wa kwanza ni Staphylococcus aureus, awe mtoto huyo yuko Tandahimba au Toronto.

Tangu enzi hizo njia yetu kuu ni kuotesha. Unachukua usaha, unauweka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unasubiri. Ni njia nzuri na nitaitetea baadaye, maana siku hizi kuna vijana wanaoidharau. Lakini ina udhaifu wake, na udhaifu mkubwa kwetu ni dawa zilizotangulia. Fuateni safari ya mtoto wa kawaida. Siku ya kwanza mama amepita duka la dawa, kapewa amoksilini. Siku ya tatu zahanati, kapewa ampiklox. Siku ya tano kituo cha afya, seftriaksoni ya sindano. Siku ya tisa anafika hospitali goti limejaa, ndipo tunakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa maabara. Tunaotesha. Majibu: hakuna kilichoota. Daktari anaandika kwenye faili "si maambukizi". Jamani! Maabara imesema bakteria hawakuota kwenye sahani. Haijasema hawamo kwenye goti.

Hapo ndipo kipimo cha molekuli kinapoingia. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni njia ya kunakili kipande cha DNA, yaani vile vinasaba, nakala ikizaa nakala, na mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Njia hiyo ndiyo PCR, herufi tatu ambazo kila Mtanzania alizifahamu wakati wa Korona alipochokonolewa pua. Kila mzunguko idadi inakuwa maradufu. Anza na kipande kimoja, zungusha mara 30, una nakala zaidi ya bilioni moja. Bakteria aliyedumazwa na seftriaksoni hataota kwenye sahani, lakini DNA yake bado imo kwenye usaha ule, kwa siku na mara nyingine kwa majuma. Mashine inaiona. Kwamba inamwona hata maiti ni faida hapa, na nitawaonyesha baadaye panapokuwa hasara.

Kuna namna mbili za kuuliza swali. Ya kwanza ni kumtaja mtu: je, fulani yumo? Xpert ya kifua kikuu, kipimo kinachofanywa na ile GeneXpert yenu, inauliza hivyo. Yumo au hayumo, na kama yumo, je, jeni yake, yaani kipande cha vinasaba, iitwayo rpoB imebadilika kiasi cha kushindana na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu? Ukiiwekea usaha uliojaa Staphylococcus tele, itakujibu bila aibu kwamba hakuna kifua kikuu, na itakuwa imesema kweli. Namna ya pili ni kuuliza: kuna bakteria yeyote, na ni nani? Hii inatumia jeni iitwayo 16S, yenye urefu wa herufi kama 1,500, ambayo kila bakteria anayo. Mwanasayansi Carl Woese wa Illinois ndiye aliyeitumia molekuli ya aina hiyo katika miaka ya 1970 kupanga upya ukoo wa viumbe. Akina mama watanielewa haraka: kila kanga ina pindo na kila kanga ina jina. Jeni ya 16S ina sehemu zinazofanana kwa bakteria wote, hizo ndizo pindo, mashine inashika hapo. Katikati kuna sehemu zinazotofautiana, hapo ndipo pameandikwa jina. Ukishika pindo unasoma jina, hata la bakteria ambaye hukumtarajia.

Ubaya wa 16S ni kwamba wakiwemo bakteria watatu kwa pamoja, majina yanaandikwa juu ya mengine na hayasomeki vizuri. Tena ni kipimo chepesi kudanganywa. Ngozi ya mgonjwa ina bakteria, mikono yetu ina bakteria, hata dawa za maabara zenyewe huja na mabaki ya DNA ya bakteria kutoka kiwandani. Ndiyo maana maabara makini hupima pia chupa tupu pembeni. Hata hivyo kwa mkoa wetu 16S ni ya kupeleka mbali, maana inahitaji kusoma mfuatano wa herufi. Siipigii debe leo.

Ninachotaka kusimulia kwa kirefu ni kisa cha bakteria mmoja anayeitwa Kingella kingae, jina alilopewa kwa heshima ya Elizabeth King, mtaalamu wa bakteria wa Marekani. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa mstari mmoja, kwamba ni nadra. Na kwa miaka hiyo hiyo madaktari wa watoto walikuwa na fumbo: mtoto wa mwaka mmoja, anachechemea, goti limejaa majimaji, homa ya kawaida tu, damu haionyeshi mchafuko mkubwa, majimaji yanaoteshwa na hakuna kinachoota. Wanamtibu kwa kubahatisha, anapona, faili linafungwa.

Mwaka 1992 Pablo Yagupsky na wenzake wa hospitali ya Soroka, mji wa Beer-Sheva huko Israel, walichapisha jambo rahisi mno. Badala ya kupaka majimaji ya kiungo kwenye sahani peke yake, waliyaingiza kwenye chupa ya kuoteshea damu, ile yenye chakula cha bakteria cha majimaji. Ghafla yule wa nadra akaanza kuonekana kwa mtoto baada ya mtoto. Inaelekea usaha wenyewe ulikuwa unamkandamiza, na ulipozimuliwa ndani ya chupa akapata pumzi. Baadaye Ufaransa na Uswisi wakaleta PCR inayomtafuta kwa jeni zake za sumu, na wale watoto waliobaki bila jibu hata baada ya chupa wakaanza kupata jibu. Leo katika nchi zinazompima hivyo, Kingella ndiye kinara wa maambukizi ya mifupa na viungo kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 4, amempita hata Staphylococcus aureus katika umri huo. Anaishi kooni mwa watoto wadogo, takribani mmoja kati ya kumi katika mwaka wa pili wa maisha, bila kuwadhuru. Kule Geneva wanachukua swabu ya koo tu na kuipima. Asipokuwepo kooni, daktari anajua si yeye aliyeko gotini. Akiwepo, bado haijathibitika, kwa sababu wengi wanambeba bure.

Angalieni mpangilio wa kisa hicho. Hatua ya kwanza kubwa ililetwa na chupa. PCR ilikuja juu ya watu waliokwisha kuzoea kuchoma kiungo kwa sindano, kutoa majimaji, na kuyaheshimu. Mnunulie PCR daktari ambaye hachomi kiungo, utapata mashine inayokaa na vumbi.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mgongo. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 watu wanaopinda mgongo na kupooza miguu, na ugonjwa bado unaitwa kwa jina lake. Sisi tunauona kama kibiongo, na kwetu hauna haja ya kutafutwa kwenye vitabu vya kale. Takribani nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa na viungo kinakaa kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa anaumwa mgongo miezi, anapewa diklofenaki, anapakwa dawa, anaombewa, anaambiwa ni kazi za shamba. Siku miguu inapoanza kuwa mizito ndipo anapigwa picha.

Kuotesha kifua kikuu kunachukua wiki 2 hadi 8, na kwenye mfupa bakteria wake ni wachache, si kama mapafuni. Kwa hiyo tangu zamani tumekuwa tukianza dawa kwa kutazama picha tu. Siwalaumu, nami ningeanza. Lakini mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Xpert kwa makohozi, mwaka 2013 likapanua mapendekezo yake kwa sampuli za nje ya mapafu, na mwongozo wa baadaye ukayataja wazi majimaji ya viungo. Mwaka 2017 ikaja Ultra, toleo jipya la Xpert, ambayo kwenye maabara inaweza kunasa bakteria kama 16 tu kwa mililita, wakati ile ya mwanzo ilihitaji zaidi ya 100. Kwa mfupa, wenye bakteria wachache, tofauti hiyo si ndogo. Jibu unalipata ndani ya saa mbili. Na bei ya katriji ya kifua kikuu, kile kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, kwa nchi zetu ilishuka mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Vipimo vingine vingi vya molekuli vya mfupa ni ghali kuliko hicho.

Ultra wakati mwingine hujibu "chembe", yaani imeona alama hafifu mno. Kwa mgonjwa mwenye pingili zilizobomoka na jipu kando ya mgongo, chembe hiyo ichukulieni kwa uzito. Ila mjue kwamba kwa jibu la namna hiyo mashine haiwezi kusema lolote juu ya rifampisini, kwa hiyo sampuli iliyobaki ipelekwe ikaoteshwe. Na jibu la "hakuna" halimfutii mgonjwa kifua kikuu. Sindano inaweza kuwa imepita pembeni ya jipu.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye picha yake inafanana na ya kifua kikuu na wengi tunampita: mfugaji, au mtu anayekunywa maziwa mabichi, mwenye brusela, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo, ya mgongo au ya nyonga. Brusela hupenda pingili za chini, kiunoni, na mara nyingi haiporomoshi pingili haraka kama kifua kikuu. Kuotesha ni polepole na ni hatari kwa sisi wa maabara. Bakteria huyu anarushwa hewani kwenye meza ya kazi na anaambukiza mafundi. PCR ya brusela ni salama zaidi, ingawa haiko kwenye mashine zenu. Ombi langu ni dogo: mkiishuku, iandikeni kwenye fomu. Neno "mfugaji" kwenye fomu linaweza kumwepusha binti wa maabara na homa ya miezi kadhaa.

Watoto wa selimundu nao wana fumbo lao. Mfupa unauma, mguu umevimba, homa ipo. Ni mfupa uliokosa damu, au ni usaha? Mara nyingi zaidi ni damu iliyokwama, na picha za siku za mwanzo haziwatofautishi. Inapokuwa usaha, kwa watoto hawa Salmonella huchukua nafasi ambayo kwa watoto wengine haina, na cloksasilini mliyozoea kuanza nayo haimgusi kabisa. Ndiyo maana kwao nasisitiza damu ioteshwe kabla ya dawa, na panapoonekana mkusanyiko kwenye ultrasaundi, uchomwe. Salmonella anaota vizuri, hahitaji PCR kumfichua. Nilisema nitaitetea sahani ya kuotesha: hapa ndipo pake. Itakwambia pia kama siprofloksasini bado inafanya kazi, na PCR ya kawaida haikwambii hilo.

Hili la dawa tulielewe vizuri. Vipimo vya molekuli vinaona jeni za usugu chache zinazojulikana. Jeni ya mecA ikionekana kwa Staphylococcus aureus, unajua cloksasilini haitasaidia. Ipo hata katriji ya GeneXpert inayotafuta Staphylococcus aureus na usugu huo, ilitengenezwa kwa vidonda vya ngozi, na watafiti wameijaribu kwenye sampuli za mifupa na viungo. Lakini usugu una njia nyingi, na jeni zinazopimwa ni kiganja tu. Mfupa unatibiwa kwa wiki, si kwa siku. Kumpa mtu wiki sita za dawa ukijua jina la bakteria na hujui dawa inayomuua ni kazi nusu.

Nije kwenye bodaboda, maana hapo ndipo wodi zetu za mifupa zinapojaa. Kijana kavunjika mguu, mfupa umechomoza nje, kawekewa vyuma. Baada ya miezi kidonda kinafunga, kinafunguka, kinatoa maji. Bakteria hapo wamejenga utando juu ya chuma na wamejificha ndani yake, dawa haiwafikii na wengi wao hawaelei kwenye usaha. Nesi anachukua swabu ya pale kidonda kinapotokea, anaileta, na maabara inaotesha kila kiumbe kilichotembea juu ya ngozi na shuka la wodi. Daktari anatibu kile kilichoota. Miezi inakwenda. Mimi swabu hizo nikipewa mamlaka ningezipiga marufuku kwa mgonjwa wa mfupa.

Kwa viungo bandia, kliniki ya Mayo huko Marekani ilionyesha mwaka 2007 kwamba ukichukua kile kifaa kilichotolewa na kukitikisa kwa mawimbi ya sauti, utando unang'oka, na maji yake yanaotesha bakteria kwa asilimia 78.5 ya wagonjwa wenye maambukizi, wakati vipande vya nyama viliotesha kwa asilimia 60.8. Kwa waliokuwa wamepewa antibayotiki ndani ya siku 14 kabla ya upasuaji, nyama ilishuka hadi asilimia 45. Hiyo ndiyo gharama ya dawa za kutangulia, na ni kwenye hospitali yenye kila kitu. Kabla ya hapo, watafiti wa Oxford, Uingereza, mwaka 1998 walikuwa wamependekeza vipande vitano au sita vya nyama kutoka sehemu tofauti, na bakteria yule yule akitokea katika vitatu au zaidi, basi ndiye. Hakuna mashine katika ushauri huo. Kuna kisu safi na chupa kadhaa.

Mtaniuliza, je, hakuna mashine ya kumaliza yote haya? Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha kipimo cha kampuni ya BioFire cha majimaji ya viungo. Kwa takribani saa moja kinatafuta vijidudu 31 na jeni 8 za usugu, Kingella akiwemo na Salmonella akiwemo. Kwa goti la mtoto lililovimba ghafla, ni kitu cha kutamanika. Lakini orodha yake haina Staphylococcus epidermidis wala Cutibacterium acnes, wale wapole wanaokaa kwenye vyuma na nyonga za bandia miaka. Na kimeidhinishwa kwa majimaji ya kiungo, si kwa vipande vya mfupa. Kipimo kinajibu kile tu kilichowekwa ndani yake. Msinunue tangazo, ulizeni orodha.

Sasa mikono. Kiungo kikichomwa, kwa usafi kamili na ngozi ikasubiriwa ikauke baada ya kupakwa dawa, gaweni majimaji mkiwa pale pale kitandani. Sehemu iingie kwenye chupa ya kuoteshea damu, ndiyo siri ya Beer-Sheva na haina gharama ya ziada kama chupa mnazo. Sehemu iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kwa kuhesabu seli na kwa PCR. Msiweke kwenye ile ya kijani. Ndani yake kuna heparini, na heparini inazuia PCR isifanye kazi, mtapata jibu la "imeshindikana" na kutulaumu sisi. Damu nyingi nayo inazuia, kwa hiyo mkipata damu tupu mwambieni mwenzenu wa maabara mapema. Iliyobaki, hata mililita moja, iende kwenye chupa tasa isiyo na kitu.

Kwa wapasuaji na wauguzi wa chumba cha upasuaji, nina neno moja: fomalini. Nimeona kipande cha pingili kilichotolewa kwa operesheni ya saa nne, mgonjwa kalala kifudifudi, mabingwa wametoka jasho, halafu kipande chote kikatumbukizwa kwenye fomalini kwa sababu ndiyo chupa iliyokuwa karibu. Fomalini inaua kila bakteria, na inaikatakata na kuifungamanisha DNA. Patholojia wanahitaji fomalini, sawa. Basi kata kipande kingine, kitie kwenye chupa tasa yenye salaini kidogo, kije kwetu kabla hujavua glovu. Kwa Xpert tunakisaga, tunachanganya na dawa yake, tunasubiri robo saa, tunaingiza. Wenzangu wa maabara, na ninyi msinirudishie sampuli kwa kusema "mashine hii ni ya makohozi". Someni mwongozo.

Na kuhusu dawa kabla ya sampuli, msinielewe vibaya. Mtoto aliyelegea, anayehema kwa kasi, mikono baridi, huyo mpeni antibayotiki sasa hivi. Toeni damu ya kuotesha kwenye mshipa ule ule mnaowekea dripu, halafu dawa iingie. Kiungo kitachomwa baadaye, na hapo PCR ndiyo itakayotuokoa. Ninayemzungumzia ni yule aliye imara, ambaye kuchelewa saa mbili kupata sampuli hakumdhuru. Hata yeye si wa kungoja kesho, kwa sababu gegedu ya kiungo chenye usaha huharibika ndani ya siku chache.

Mwenyekiti ameniruhusu maswali mawili. La kwanza limetoka kwa ndugu yetu wa fiziotherapia, nami nafurahi kwamba nyuma mlikuwa macho. Anauliza: mgonjwa wake wa kifua kikuu cha mgongo anakaribia kumaliza dawa, lakini mgongo bado unauma, je, turudie Xpert tuone kama amepona? Hapana. Mashine inasoma DNA hata ya bakteria waliokufa, na mabaki yao hukaa muda mrefu. Ikijibu "yupo" utashindwa kujua kama ni mzima au maiti. Hapa ndipo ile faida ya mwanzo inapogeuka. Mfuateni kwa nguvu za miguu, kwa uzito, kwa picha, kwa jinsi anavyotembea, na hapo wewe wa fiziotherapia una macho kuliko mashine. Mgongo uliopinda unaweza kuuma hata ugonjwa ukiwa umekwisha. Ila akizidi kudhoofu au jipu jipya likitokea, tafuteni sampuli mpya, na hiyo ioteshwe, maana anayeota ni aliye hai tu.

La pili ni la tabibu wa kituo cha afya. Anasema: kwetu hakuna wa kuchoma kiungo, na hospitali iko mbali, tufanye nini? Nyonga usiiguse, hiyo inataka ultrasaundi na mkono uliozoea. Goti unaweza kufundishwa. Ombeni daktari wa mifupa aje siku moja awaonyeshe, si elimu ya chuo kikuu. Usipoweza, piga simu kabla ya kumpa sindano. Kama mtoto ni imara na gari lipo, mpe dawa ya maumivu, mfunge mguu utulie, aondoke sasa. Kama gari ni la kesho, au hali yake inakutia shaka, otesha damu ukiwa na chupa, mpe dawa, kisha andika kwenye barua ya rufaa jina la dawa, dozi, na saa ya kila sindano. Msiandike "amepewa antibayotiki" mkaishia hapo. Nikijua ni cloksasilini ya saa tatu asubuhi, najua nianze na chupa gani na nipime nini kwanza.

Ahsanteni sana. Wenzangu wa maabara, tubaki kidogo. Nimekuja na chupa za zambarau na za kijani, tuzitazame pamoja kabla ya chai.